Tiba za moyo uliojeruhiwa: zilitoka wapi hadi zikafika Bukavu

"Nenda ukaone sikologi." Maneno hayo yanasikika kila siku katika vituo vya afya vya Bukavu, katika kambi, na katika shule na makanisa ambamo familia zilizokimbia vita zimelala. Anayeambiwa hivyo mara nyingi hushtuka. "Mimi si mwendawazimu," anajibu. Mwingine anakwenda siku moja, anakuta anaulizwa maswali badala ya kupewa vidonge, basi harudi tena. Mwingine anaambiwa aingie katika kikundi cha wanawake 10, na jirani yake anaambiwa achore maisha yake kwa kamba na mawe. Wote wawili wanarudi nyumbani wakijiuliza: kwani hawa watu wana tiba ngapi?

Jibu ni kwamba zipo nyingi, na kila moja ina historia yake. Nyingine zilizaliwa Ulaya, nyingine Marekani, nyingine hapa Afrika. Na jambo ambalo watu wengi wa Kivu ya Kusini hawajui ni kwamba baadhi yake zilipimwa hapahapa kwetu, na matokeo yake yakasomwa dunia nzima. Ni vizuri aliyeumia ajue anachopewa kabla ya kukikubali. Kwa hiyo leo tunapita njia hizo moja moja, tangu zamani hadi sasa.

Kabla ya hospitali

Hakuna jamii iliyokaa bila njia ya kumtuliza mtu aliyevunjika moyo. Kwetu ya kwanza ni kilio. Mtu akifiwa, majirani wanakuja, wanakaa naye usiku na mchana, wanapika, wanaimba, wanamtaja marehemu. Hakuna anayeita hiyo tiba, lakini kazi yake ni hiyo: mfiwa haachwi peke yake na mawazo. Kuna baraza la wazee, ambapo ugomvi unasemwa mbele ya watu na aliyekosewa anasikilizwa. Kuna maombi ya kanisa na ya msikiti.

Katika Bushi, na kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, kulikuwa pia na ibada ya Lyangombe. Aliyeingizwa humo alipata jina jipya na wazazi wapya wa ibada, yaani familia ya pili. Wamisionari waliipiga vita, lakini watafiti waliokuja baadaye walitambua kwamba ndani yake mtu mwenye taabu alipata watu wa kumbeba. Kule Kinshasa, katika miaka ya 1970, mtafiti Ellen Corin alichunguza zebola, tiba ya wanawake yenye asili yake Equateur. Mgonjwa alikaa na kikundi cha wanawake, akacheza ngoma pamoja nao, na ugonjwa wake ukaelezwa kuwa ni jambo la ukoo mzima, si aibu yake yeye tu.

Vita ndivyo vilivyovunja njia hizi. Mtu aliyekimbia usiku hakuzika. Majirani waliopaswa kukaa naye kilioni wametawanyika, huyu Uvira, yule Burundi, mwingine haijulikani aliko. Na maumivu mengine, hasa ya kubakwa, yalikuwa hayasemwi barazani hata wakati wa amani. Hapo ndipo tiba za namna nyingine zilipopata nafasi.

Kutoka minyororo hadi kitanda

Katika nchi nyingi, Ulaya na Afrika, mgonjwa wa akili alifungwa. Mjini Gent, Ubelgiji, padri Petrus Jozef Triest alianzisha shirika la watawa la Frères de la Charité mwaka 1807. Mwaka 1815 watawa hao waliwafungua minyororo wagonjwa waliokuwa wakiwekwa chini ya jengo la kale mjini humo, wakaanza kuwatunza kama wagonjwa. Shirika hilo lilifika Kongo mwaka 1911. Ndilo linaloongoza kituo cha SOSAME hapa Bukavu, ambacho watu wengi wanakifahamu kwa wagonjwa wa akili na wa kifafa.

Tiba ya aina hii inategemea daktari, dawa na, ikihitajika, kulazwa. Msiidharau. Kuna magonjwa ambayo mazungumzo peke yake hayayawezi. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeanguka kifafa, asiyelala siku nyingi na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, au anayetaka kujiua, apelekwe hospitali bila kungoja.

Lakini hata hospitali ilijifunza kwamba mgonjwa hapaswi kutengwa na watu wake. Mwaka 1954 daktari Mnigeria Adeoye Lambo alianza kazi huko Aro, karibu na Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa wote wodini, aliwapangishia vyumba katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu wa kumtunza, wakawa wanakuja kutibiwa mchana. Tukiona leo mama amelala karibu na mwanawe hospitalini, tujue kwamba Mwafrika alikwisha kuonyesha zamani kuwa huo si usumbufu, ni sehemu ya tiba.

Tiba ya kusema

Njia ya pili inaanzia Vienna, Austria. Kati ya 1880 na 1882 daktari Josef Breuer alimhudumia msichana mmoja ambaye alipata nafuu kila alipoeleza yaliyomsumbua. Msichana mwenyewe aliita jambo hilo tiba ya kuzungumza. Rafiki mdogo wa Breuer, Sigmund Freud, aliandika naye kitabu mwaka 1895, kisha akaendelea na njia yake: mgonjwa anasema lolote linalomjia, miezi au miaka, na daktari anatafuta maumivu ya utotoni yaliyofichika. Njia hiyo ni ndefu na ya gharama. Kwa mama anayeuza mkaa Kadutu haiwezekani. Lakini iliacha wazo moja ambalo halijafa, kwamba jambo lililozuiwa kusemwa linaweza kuuguza mwili.

Mmarekani Carl Rogers, katika miaka ya 1940 na 1950, alibadili kiti cha daktari. Alisema anayetibu asijifanye hakimu wala mwalimu. Amsikilize mtu kwa heshima, amkubali alivyo, asimdanganye, na mtu mwenyewe atapata njia. Wale APS, wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii tunaowaona katika vituo vya afya, wanapofundishwa kusikiliza bila kuhukumu, wanafundishwa somo la Rogers, hata kama jina lake halitajwi.

Wengine walisema kusikiliza hakutoshi, lazima mtu afanye mazoezi. Joseph Wolpe alikuwa daktari wa Afrika Kusini aliyewahudumia askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliona kwamba hofu inaweza kupunguzwa hatua kwa hatua: kwanza mwili utulizwe, kisha mtu akaribie kidogo kidogo kile anachokiogopa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Kisha, katika miaka ya 1960, Aaron Beck wa Philadelphia aliona kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito walikuwa na mawazo yanayojirudia: "Sifai kitu", "hakuna kitakachobadilika". Akawafundisha kuyachunguza mawazo hayo kama mtu anayepima noti kabla ya kuipokea: je, ni ya kweli au ni bandia? Hiyo ndiyo mizizi ya tiba nyingi fupi tunazoziona leo.

Vita na jina la ugonjwa

Askari waliorudi kutoka vitani zamani waliitwa waoga au wavivu. Baada ya vita vya Vietnam, mwaka 1980, madaktari wa Marekani waliingiza katika kitabu chao rasmi cha magonjwa ya akili jina jipya la hali inayowapata watu baada ya tukio la kutisha: tukio linarudi katika ndoto na mchana, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha, mwili uko macho muda wote. Sisi hapa tunasema "ana troma". Wazee wanasema "ana mawazo mengi" au "moyo wake haukai".

Jina lilisaidia, lakini lilileta pia haraka. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell alipendekeza kikao cha kuwakusanya waokoaji mara tu baada ya ajali na kuwafanya wasimulie yote. Desturi hiyo ilienea hadi kwa wahanga wa vita na mafuriko. Walipoipima vizuri, watafiti walikuta kwamba kikao kimoja cha kumlazimisha mtu kusimulia hakimkingi na ugonjwa, na wengine wanaweza kuzidiwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Kanuni zake ni tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mtu yuko salama na nani ana hitaji la haraka. Sikiliza anayetaka kusema, usimvute asiyetaka. Muunganishe na chakula, na ndugu zake, na daktari.

Hili linatuhusu sana. Baada ya maji kuangamiza Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, mwezi wa tano 2023, na baada ya M23 kuingia Bukavu mwezi wa pili 2025, wengi walifika kwa waliopatwa na daftari, simu na maikrofoni. Tuseme wazi, sisi wa redio tukiwamo ndani: maikrofoni si tiba. Anayekuhoji hakutibu. Una haki ya kukataa, na ukikataa hupaswi kukosa unga wala shiti la hema.

Panzi: mikono minne

Tarehe 6 mwezi wa kumi 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa. Daktari mkuu wake alikuwa Denis Mukwege. Mwaka 1999, pamoja na kanisa la CEPAC, alianzisha hospitali ya Panzi hapa Bukavu. Ilikusudiwa wajawazito. Lakini yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi.

Madaktari wa Panzi waliona kwamba kushona kidonda hakumalizi kazi. Mwanamke alipona mwili, akarudi kijijini, akakataliwa na mume, hana shamba, na aliyembaka anapita barabarani. Ndiyo sababu Panzi ikajenga huduma yenye mikono minne: matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kujitegemea kiuchumi, na msaada wa sheria. Mwaka 2018 Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Na mwezi wa pili 2011 ilifunguliwa mjini kwetu Cité de la Joie, inayoongozwa na Christine Schuler Deschryver, ambapo wanawake wapatao 90 kwa kila awamu wanakaa miezi 6 wakijifunza, wakizungumza na kujipanga upya.

Panzi ilijaribu pia muziki. Tangu 2015, pamoja na shirika la Make Music Matter, wanawake wametunga nyimbo juu ya yaliyowapata, wakazirekodi studio kama wanamuziki wengine. Anayesikia wimbo wake mwenyewe redioni anasikia kwamba sauti yake bado ipo.

Vijiji 15 vilivyosomwa dunia nzima

Sasa tunafika kwenye habari ambayo ingepaswa kufundishwa katika shule zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Patricia Resick alitengeneza tiba kwa wanawake waliobakwa. Kwa vikao 12 mtu anatafuta yale mawazo yaliyomkwamisha, kama vile "ni kosa langu, kwa nini nilikwenda shambani?", na anajifunza kuyauliza maswali. Nani alikuwa na silaha? Nani alichagua? Ungemwambia nini dada yako kama yangempata yeye?

Wengi walisema tiba hiyo haiwezi kufanya kazi Kongo. Wanawake wengi hawajui kusoma, vita havijaisha, wataalamu hawapo. Shirika la International Rescue Committee na watafiti wa vyuo vikuu vya Johns Hopkins na Washington walikwenda kuipima Kivu ya Kusini na ya Kaskazini. Vijiji 7, vyenye wanawake 157, vilipata tiba hiyo kwa vikundi. Vijiji 8, vyenye wanawake 248, vilipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi Wakongomani wenye angalau miaka 4 ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofundishwa na kusimamiwa. Masomo ya kuandika yalirahisishwa ili yakaririwe kichwani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini si sawa. Miezi 6 baada ya tiba, katika vikundi vya tiba hiyo asilimia 9 tu ya wanawake ndio waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Kwa wale wa msaada wa kawaida walikuwa asilimia 42. Na yote hayo yalitokea huku risasi zikiendelea kusikika. Utafiti huo ulionyesha mambo mawili: tiba inaweza kufanya kazi hata kabla ya amani kuja, na binti wa kijiji aliyefundishwa vizuri anaweza kuitoa.

Kamba, mawe na maua

Wajerumani wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, walichukua njia nyingine. Mtu anatandaza kamba: ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua mahali pa furaha na jiwe mahali pa maumivu. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kila jiwe taratibu, na msaidizi anaandika na kumsomea tena. Mwishoni anapewa hadithi yake nzima. Shabaha ni kwamba tukio la kutisha lirudi mahali pake, yaani jana, lisiendelee kuishi kama la leo.

Tiba hiyo ilijaribiwa Uganda kwa wakimbizi wa Sudani, kisha katika makazi ya Nakivale, ambako leo wanaishi pia Wakongomani wengi. Katika utafiti wa Nakivale uliotolewa mwaka 2008, waliotibu Wanyarwanda na Wasomali walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Tofauti yake na kile kikao kimoja cha kulazimisha ni kubwa: hapa mtu anakubali mwenyewe, anakwenda kwa mwendo wake, na haachwi katikati ya jiwe.

Kikundi, benchi na kaseti

Kuna tiba ambazo hazimtazami mtu mmoja bali ujirani ulioharibika. Mwaka 2005, katika dayosisi ya Byumba nchini Rwanda, ilianza sosioterapia: watu 10 hadi 15, baadhi yao wakiwa walioumizwa na walioumiza, wanakutana mara moja kwa juma kwa majuma 15. Wanaanza na usalama, wanakwenda kwenye kuaminiana, kisha kutunzana na kuheshimiana. Hakuna anayelazimishwa kusimulia mauaji. Mizizi yake iko katika hospitali za Uingereza za wakati wa vita, lakini ukiitazama vizuri inafanana na baraza letu.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kulishughulikia. Huzuni yao wanaiita kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo "mawazo mengi" ya kwetu? Utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba benchi hilo linasaidia.

Shirika la Afya Duniani nalo lina tiba ya vikao 5 ya kutatua matatizo, iliyopimwa kwa wanawake wa Nairobi mwaka 2017. Lina pia nyingine inayotolewa kwa sauti iliyorekodiwa, ambayo kundi la watu 20 hadi 30 wanaisikiliza pamoja kwa majuma 5. Ilipimwa kwa wanawake wa Sudani Kusini katika makazi ya Rhino Camp, Uganda, na ikapunguza taabu zao. Kwa jimbo ambalo redio inafika kusikofika barabara, hilo ni jambo la kufikiria.

Tuulize nini?

Tukiziangalia njia hizi zote, tunaona zinazofanana kuliko zinazogombana. Zote zinahitaji mahali salama, mtu mwenye kutunza siri, muda wa kutosha, na ruhusa ya aliyeumia. Hakuna inayofuta kumbukumbu. Na hakuna inayotosha kama tumbo ni tupu na mtoto hana pa kulala. Panzi ilikwisha kutufundisha hilo.

Kwa hiyo ukiambiwa uende kwa sikologi au kwa APS, usiogope, lakini uliza. Ni tiba gani hii? Ina vikao vingapi? Nani atajua nitakayosema? Naweza kunyamaza pale ninapotaka? Na mradi ukiisha kabla sijamaliza, nitapelekwa wapi? Swali hili la mwisho ndilo zito. Tangu 2025 familia nyingi zimehama mara mbili, mara tatu, na miradi nayo inahama. Kumfungua mtu kidonda na kuondoka katika kikao cha tatu ni vibaya kuliko kutokuanza. Wanaoleta miradi wanapaswa kujibu swali hilo mbele ya watu.

Na kwa aliyebakwa: kabla ya mazungumzo yoyote, wahi hospitali ndani ya saa 72, maana ndani ya muda huo ndipo dawa ya kuzuia UKIMWI inapoweza kusaidia. Hata saa hizo zikipita, nenda tu. Hujachelewa kutibiwa, na kosa si lako.